Mwenye Nyumba Wangu na Sabuni ya Korongo

Mwenye nyumba wangu wa Nangara, pale Babati, alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Nasema hivyo kwa heshima, na yeye mwenyewe asingekataa. Aliogopa radi. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya mlima Kwaraa, alikuwa ameshafunika kioo kwa kanga na kuingiza sufuria zote ndani. Aliogopa viboko wa ziwani, ingawa tulikaa mbali na maji na hakuna kiboko aliyewahi kupita mtaani kwetu. Aliogopa magari ya serikali, hata lile la chanjo ya ng'ombe. Akisikia mngurumo wake alisimama na mwiko mkononi, akasikiliza mpaka gari limepita, kisha akaendelea kukoroga kama vile hakuna kilichotokea.

Majirani walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo kawaida yetu. Mimi nilimwita Mama. Nilifika Babati kutoka Singida kuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, wakati ule Babati ikiwa bado chini ya mkoa wa Arusha, na yeye ndiye aliyenipangisha chumba kinachotazamana na jiko lake. Alikuwa mjane aliyeteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili cha taratibu. Akiogopa sana Kiswahili kilimkimbia, akarudi kwenye lugha ya kwao.

Alikuwa na msemo wake mmoja: "Wakiuliza, tutasemaje?"

Nikirudi na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, aliuliza hivyo. Nikipata kipande cha kanga kutoka kwa rafiki anayesafiri, aliuliza hivyo. Siku moja kuku wa jirani alitaga kwenye kapu letu, naye akalichukua yai mbio mbio kulirudisha huku akiuliza vivyo hivyo. Nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa msichana, sikujua ni akina nani hao watakaouliza.

Nikaja kuwajua. Ile ilikuwa miaka ya shida, maduka yana rafu na wauzaji lakini hayana kitu. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Tulioga kwa maji matupu na kujisugua kwa jiwe. Kisha ukaja msako wa wahujumu uchumi, na hofu ikahamia kila nyumba. Mfanyabiashara mmoja wa Bonga alikutwa na majora ya vitambaa darini. Walimchukua mchana kweupe, na kwa muda mrefu mke wake hakujua kama amepelekwa Arusha au wapi. Waliokuwa na kitu cha ziada wakaanza kukitupa. Asubuhi moja watu waliokwenda shamba walikuta vitenge vipya vimelala kwenye korongo nyuma ya mtaa, bado vimekunjwa, vimelowa umande. Wanawake walisimama pale juu wakavitazama. Hakuna aliyethubutu kushuka kuviokota, na nilipopita jioni vilikuwa bado pale, mbuzi wanavikanyaga.

Mwenye nyumba wangu alikuja kuviona pia. Alirudi nyumbani akapekua vyumba vyote, changu kikiwemo, kutafuta chochote ambacho tungeshindwa kukieleza. Hatukuwa na kitu. Alichokuwa nacho ni sabuni, na sabuni ile aliipika mwenyewe.

Aliipika uani, kwenye pipa lililokatwa katikati. Majivu ya magunzi na ya maganda ya ndizi aliyashindilia kwenye debe lililotobolewa, akamwagia maji, yakachuruzika chini yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Maji yale yalikuwa makali ya kuchuna ngozi. Aliyapima kwa kutumbukiza yai: likizama bado, likielea yako tayari. Mafuta ya ng'ombe aliyapata kwa wachinjaji, chumvi ya kugandishia ilitoka ziwa Balangida, na mwishoni alitia maji ya mchaichai ili harufu ya mafuta isimtangulie mtu njiani. Ilitoka sabuni ya kahawia, nzito, isiyotoa povu jingi, lakini shati la ofisi lilitakata.

Hapo ndipo nilipoanza kumshangaa. Mtu aliyeogopa kiboko asiyemwona aliinama juu ya pipa lile la maji makali kama anapika uji. Mikono yake ilijaa makovu. Aliwabishia wachinjaji, wanaume wenye visu, wakimpa mafuta yaliyooza, na hawakumshinda hata siku moja. Tena hakusema uongo. Simaanishi kwamba alikuwa hapendi kusema uongo, namaanisha hakuweza. Mtoto wa jirani akilia akaambiwa nyamaza, kuna mbwa anakuja, yeye alisema, "Hakuna mbwa, mwanangu, lakini nyamaza." Kila Jumamosi alikwenda kuungama kanisani, na nikawa najiuliza anaungama nini.

Sabuni ikajulikana. Manesi waliitaka, walimu waliitaka, wake wa askari walituma watu. Msimamizi wa duka la ushirika akamwambia yuko tayari kuiweka dukani, mradi iwe na jina, maana watu wakija wanauliza "ile ya kahawia," na ya kahawia inaweza kuwa chochote.

Jina alilipata ziwani. Alimpenda korongo, yule ndege mrefu anayesimama kwenye maji ya matope na manyoya yake yakabaki meupe. "Anashinda kwenye tope hachafuki," alisema. "Hiyo ndiyo sabuni." Kulikuwa na seremala mmoja wa Mutuka aliyemtengenezea vibao vya kumimina sabuni. Huyo akamchongea muhuri wa mti: ndege kasimama kwa mguu mmoja, na chini yake neno KORONGO. Seremala yule alikuwa mtu mkimya mwenye watoto wengi na mke mgonjwa. Alichonga herufi kinyumenyume ili zikigandamizwa zisomeke sawa, na mwenye nyumba alipouona muhuri alifikiri amekosea. Seremala akaugandamiza kwenye sabuni mbichi, jina likatoka limenyooka. Mwenye nyumba akacheka kwa furaha. Ni mara chache sana nilimwona akicheka.

Watu walimtania kwamba sabuni ya korongo ni ile iliyookotwa kule kwenye vitenge. Mzaha huo yeye haukumfurahisha.

Kilichoharibu kila kitu ni maneno ya utingo wa lori. Alikuwa anapeleka ng'ombe, akasimama kununua sabuni, akaugeuza mche mkononi.

"Mama, hii Korongo mmeipata wapi? Mbona nilikuwa naiona pwani nikiwa mdogo? Ilikuwa ya kiwanda. Sikujua bado ipo."

"Hii napika mimi," mwenye nyumba alisema.

"Lakini jina ni lile lile," utingo akasema, akapanda lori lake akaenda zake.

Sijui kama kijana yule aliwahi kukumbuka tena maneno yake. Sisi hatukuwaza kitu kingine. Mwenye nyumba wangu alikaa kwenye kigoda uani, pipa likipoa, akaniambia taratibu jinsi alivyoliona jambo lile. Kama kuna kiwanda chenye sabuni ya Korongo, basi mtu mwenye rundo la sabuni za Korongo nyumbani ni mmoja kati ya watu wawili. Ama ameiba mali ya kiwanda akaificha. Ama anaghushi mali ya kiwanda. "Niambie, mwanangu, wakiuliza, nitachagua lipi?"

Nilijua ofisini kwetu watu waliochukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Alichukua kisu akaanza kukwangua jina kwenye miche iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, ndege na herufi. Mabaki yakaanguka kwenye kanga yake. Nikamwambia hatuna haja ya kuharibu kabla ya kujua, kwamba majina ya biashara yanaandikishwa kwa msajili Dar es Salaam na mtu anaweza kuuliza. Nikamwandikia barua ya kuuliza. Niliipiga kwa mashine ya ofisi wakati wa chakula cha mchana, mlango nimeufunga, maana kutumia karatasi ya serikali kwa shughuli yako binafsi nako kulikuwa na jina lake siku zile. Kwa hofu nilikosea mpaka anwani. Barua ikaenda. Jibu halikuja, na sabuni ilikuwa imekwisha kutawanyika mji mzima ikiwa na jina lile.

"Twende wenyewe," akasema siku moja.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu huyu hakuwahi kufika hata Arusha.

Tulisafiri nikiwa likizo. Alifunga miche michache ya sabuni kwenye kanga ili akamwonyeshe msajili, ile ambayo hakuikwangua. Basi lilikwama Kondoa Jumapili mchana, kwa vile magari yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili baada ya saa nane, tukakaa na mizigo yetu kwenye kivuli cha ukuta mpaka Jumatatu. Kabla ya Dodoma kulikuwa na kizuizi. Mgambo aliingia ndani ya basi akipekua, na mwenye nyumba akaanza kutetemeka kiasi kwamba abiria wa mbele yake aligeuka kutazama kiti kina nini. Kutetemeka huko ndiko kulikomleta mgambo.

"Fungua hiyo kanga, mama."

Akaifungua. Mgambo akachukua mche, akaunusa.

"Ya kiwanda gani hii?"

"Ya jikoni kwangu."

Mgambo alimtazama yeye, akaitazama mikono yake. Kisha akatazama nyuma kuona kama mwenzake anaangalia, akatia miche miwili ndani ya koti na kushuka. Basi likaondoka. Nilianza kupumua, lakini mwenye nyumba aliinamisha kichwa kwenye magoti.

"Sasa naye anayo," akasema. "Naye wakimuuliza atasema ameipata kwa nani?"

Dodoma tukapanda treni. Sikumbuki mengi ya Dar es Salaam isipokuwa joto, na jinsi alivyotembea kando ya kuta za majengo kama mtu anayepita kwenye shamba la wenyewe. Ofisini kwa msajili tulipokewa na karani mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye hakuwa na haraka wala dharau. Alitusikiliza, akatueleza kwamba tumekuja na jambo moja lakini kwao ni mawili.

"Kuna jina la biashara," alisema. "Hilo linakutambulisha wewe unayeuza. Na kuna alama ya biashara. Hiyo ndiyo inayokaa kwenye bidhaa, mnunuzi akiiona ajue imetoka kwa nani. Unaweza ukapata jina la duka bila tatizo, kumbe alama ni ya mwenzako. Lazima nitazame kote kuwili."

Akaingia chumba cha ndani. Alikaa huko muda mrefu. Mwenye nyumba alikuwa anasali midomo ikitikisika, rozari imefichwa kiganjani, kwa sababu hakujua kama kusali kunaruhusiwa kwenye ofisi ya serikali.

Karani akarudi.

"Jina la biashara hakuna aliyelichukua. Lakini alama ipo. Korongo, ndege amesimama, sabuni ya kufulia. Iliandikishwa zamani, kabla ya Uhuru."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Ile kampuni ilifunga, wenyewe wakaondoka. Lakini alama haijafutwa kwenye daftari letu. Kwa hiyo bado ni yao."

"Nikiita Makorongo?"

"Mama, mnunuzi akisikia atatofautisha? Tunatazama na mlio wa jina, si maandishi tu." Akavua miwani. "Ingekuwa ni viberiti, au majembe, ningekuambia nenda salama. Lakini yao ni sabuni, na yako ni sabuni. Leta jina jingine nikutazamie."

Mwenye nyumba hakuwa na jina jingine. Alikuja na moja tu, alilolipenda. Karani akamtazama, nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu aliinama mezani na sauti yake ikashuka.

"Umeshaanza kuitumia?"

Nilimkanyaga mwenye nyumba mguu chini ya meza. Hakunijali.

"Ndiyo," akasema. "Ipo dukani. Ipo hospitali. Ipo kila mahali."

Karani alitazama mlangoni. Kulikuwa na watu wengine kwenye foleni, mmoja wao mwanamume aliyevaa suti ya Kaunda, ambaye huenda hakuwa anasikiliza.

"Mimi sijasikia," karani akasema. "Rudini nyumbani. Iondoeni."

Tukarudi. Njia nzima aliongea mara moja tu, treni ikiwa karibu na Morogoro: "Wale watu wameondoka zamani, lakini jina lao limebaki linanisubiri mimi."

Nilitegemea kwamba akifika atazima moto na kujifungia ndani. Badala yake alianza kupita nyumba kwa nyumba akiomba sabuni yake arudishiwe. Fikiria mtu anayeomba sabuni irudi wakati hakuna sabuni nchi nzima. Manesi walikataa kabisa. Mwalimu mmoja alimwambia kama ni lazima jina litoke, yeye atafua kwanza nalo litatoka lenyewe. Wengine walitoa visu wakakwangua mbele yake, wakacheka. Lakini alipoeleza sababu, na yeye alieleza kila nyumba kwa sababu hakujua kuficha, kicheko kilikatika. Wengine wakaanza kuiogopa ile sabuni. Siku iliyofuata miche kadhaa ya Korongo ilionekana imetupwa kule korongoni, kwenye mabaki ya vitenge.

Msimamizi wa ushirika akairudisha yote kwenye gunia, akaomba asitajwe. Mpangaji mwingine wa pale nyumbani akahama bila kuaga. Mimi pia nilifikiria kuhama. Nililala nikisikiliza magari, na nikagundua kwamba sasa ni mimi ninayeuliza moyoni, wakija wakiuliza, nitasemaje kuhusu barua niliyoipiga?

Kisha zikaja habari kwamba kikosi cha upekuzi kinatoka Arusha, kimefika Magugu, kitapita Babati. Asubuhi ile mwenye nyumba alivaa gauni lake la kanisani. Akachukua muhuri wa mti, akaufunga kwenye kanga.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Polisi."

Nilimshika mkono. Nilimwambia watu wanakimbia polisi, yeye anakwenda kufanya nini. Akanijibu kwa sauti ndogo, meno yanagongana.

"Nimechoka kuwasubiri. Kila gari likipita nakufa kidogo. Afadhali niende wakiwa hawajaniita."

Nilimsindikiza. Sikuwa jasiri, niliona aibu kumwacha aende peke yake huku anatetemeka namna ile. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa mbali, mstaarabu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Kwa hofu yake mwenye nyumba alimwamkia shikamoo, mwanamume wa umri wa mwanawe. Mkuu wa kituo akaona haya, hakuitikia marahaba. Alisema, "Shikamoo, mama. Kaa."

Mwenye nyumba akamweleza yote: majivu, mafuta, ndege, utingo, Dar es Salaam. Akauweka muhuri mezani. Kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyomwona mkuu wa kituo naye akiingiwa na hofu. Siku zile kulikamata jambo kulikuwa na hatari yake, na kuliachia kulikuwa na hatari zaidi. Mtu angeweza kumwandikia mkubwa wake kwamba amelea mhujumu. Aliugeuza muhuri, akaupapasa kwa kidole.

"Mama, haya ya sabuni nayaelewa. Lakini muhuri ni jambo jingine. Wanaotoka Arusha wakiuona, watamtaka aliyeuchonga. Anayechonga muhuri wa kiwanda leo, kesho atachonga wa serikali. Nani kakuchongea?"

Nilimfikiria seremala wa Mutuka, na mke wake aliyekuwa kitandani. Nilijua mwenye nyumba hawezi kusema uongo. Nilitazama sakafu nikisubiri jina litoke.

"Nimechonga mwenyewe," akasema.

Mkuu wa kituo akamtazama.

"Wewe?"

"Mimi."

Akamwita askari alete kisu na kipande cha ubao. "Basi chonga hapa nione. Neno tu, ndege achana naye."

Alichonga mchana kutwa, kwenye benchi la nje ya kaunta, askari wakipita na kurudi. Nilikimbilia ofisini, nikarudi na ndizi na maji. Hakula. Kisu kilimkata mara kwa mara, damu ikaingia kwenye ubao, naye akaipangusa kwa kanga akaendelea. Herufi zilikuwa za kupinda, lakini zilisomeka. Na hapo ndipo nilipoliona kosa: zilisomeka. Alikuwa amechonga KORONGO kama mtu anavyoandika ubaoni shuleni, kutoka kushoto kwenda kulia, zimenyooka. Ungeugandamiza ubao ule, jina lingetoka kinyume. Mtu yeyote aliyewahi kuchonga muhuri asingefanya hivyo. Nilitaka kumwambia, lakini askari alikuwa amesimama kati yetu.

Mkuu wa kituo alitoka, akauchukua ule ubao. Akausoma. Akaenda mezani, akauweka karibu na muhuri wa seremala, akatazama huu na ule. Nilimwona ameelewa. Alikuwa na kidau cha wino pale mezani; angeugandamiza tu, kila kitu kingekwisha. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mikono imening'inia, damu kwenye vidole, anamtazama kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa. Hakujua amekosea nini.

Mkuu wa kituo akaugeuza ubao kifudifudi.

"Umejua kuchonga, mama," akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu. "Huu muhuri unabaki hapa, nitauchoma. Nenda nyumbani. Pika sabuni yako, usiiwekee jina. Na usichonge tena."

Tulitoka nje. Tulipofika barabara ya Dodoma alikaa chini kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani, akalia kwa lugha ya kwao. Sikumwambia kuhusu herufi. Baadaye nilimwambia, tukiwa jikoni.

"Kwa hiyo yule baba alijua?"

"Alijua, Mama."

"Basi tulikuwa waongo wawili," akasema, na Jumamosi ile alikaa kanisani muda mrefu kuliko kawaida.

Kikosi kilipita Babati. Kilichukua watu wengine. Gari lilipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu mara moja, sijui kwa nini, kisha likaendelea. Tulikuwa tumesimama uani tumeshikana mikono bila kujua kwamba tumeshikana.

Aliendelea kupika sabuni isiyo na jina. Seremala wa Mutuka aliendelea kumtengenezea vibao, na nadhani hakuambiwa kitu. Wakati ule mgumu ulipolegea, madukani zikajaa sabuni za rangi zenye karatasi zinazong'aa, na wateja wake wakapungua mpaka wakabaki wale wa jirani. Mimi nilihamishiwa Dodoma, nikaolewa huko.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, nilipopita Babati kwenda msibani. Nilimkuta siku ya soko. Alikuwa amezeeka, mgongo umeinama, anatembelea fimbo. Tulisalimiana, hakunitambua mpaka nilipocheka. Tulikuwa tunaongea habari za watoto ndipo kelele zikatokea upande wa pili. Askari wawili wa mji walikuwa wanamnyang'anya mwanamke muuza asali chupa zake. Zilikuwa chupa za kinywaji fulani cha madukani, zimeoshwa lakini karatasi za kiwanda bado zimeng'ang'ania.

"Hii ni nembo ya watu," askari mmoja alikuwa anasema. "Huku ni kughushi. Twende ofisini."

Watu walisogea nyuma, kama watu wanavyosogea siku zote. Nami nilisogea. Mwenye nyumba wangu hakusogea. Aliniachia mfuko wake, akaenda na fimbo yake mpaka pale katikati, akasimama kando ya yule mwanamke. Hakuwa anamjua, nilimuuliza baadaye.

"Shikamoo, bibi," askari akasema, hakujua la kufanya naye.

"Marahaba. Mmeuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Kwa msajili. Mmeuliza kama mwenye nembo anauza asali? Huyu hauzi kinywaji chao. Mwambieni abandue karatasi. Akikataa, kaulizeni, mkishajua ndiyo mje mumchukue. Nami nitakuja."

Askari walitazamana. Yule mkubwa alitaka kusema kitu, kisha akaona watu wanamtazama bibi kizee aliyekuwa akitetemeka kutoka kichwani hadi miguuni bila kuondoka. Akarudisha chupa mezani.

"Bandua karatasi zote, sasa hivi," akamwambia muuza asali, wakaenda zao.

Nilimwendea. Alikuwa anatazama mbele, jasho linamtoka, ameikamata fimbo kwa mikono miwili.

"Wameondoka?" akaniuliza.

"Wameondoka, Mama."

"Basi nishike, mwanangu. Miguu imekataa."